Chumba cha Kisogoni mwa Meli

Kama kuna watu wanaojua kujadili wasichokijua, ni wakwe zangu. Nimeolewa kwao tangu nikiwa msichana, kwa hiyo siwasingizii. Wakizungumzia ng'ombe nawavulia kofia, maana ng'ombe wanamjua tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Shida ni kwamba ukiwapa jambo lingine lolote, liwe ugonjwa, shule au siasa za nchi za watu, watalifunga kamba shingoni na kulichunga vilevile. Ndivyo walivyofanya siku tulipotakiwa kuchagua chumba kwenye meli.

Sisemi zile meli za ziwani zinazobeba abiria na magunia ya dagaa. Hii ilikuwa meli ya starehe, ghorofa zima linaloelea baharini, na juu yake kuna mabwawa ya kuogelea. Mpaka leo sijaelewa ni akili gani hiyo. Umezungukwa na maji pande zote, halafu unayapandisha mengine juu ili uyaogelee. Lakini shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amefanya kazi ya kupika humo kwa miaka kadhaa, na wafanyakazi waliokaa sana waliruhusiwa kualika ndugu wawili, wakae chumba kimoja, bure.

Shemeji huyo nimemlea mimi. Mama yao alipofariki aliletwa kwetu Nsemulwa akiwa bado anasoma shule ya msingi, na sare zake zote nilizishona kwa cherehani yangu mwenyewe mpaka alipokwenda chuo cha hoteli. Kwa hiyo ujumbe hakumtumia kaka yake. Alinitumia mimi. Aliandika kwamba nije na kaka, na kwamba chumba nichague mimi, kisha akaleta picha.

Chumba kimoja kilikuwa katikati ya meli, hakina hata dirisha, na kilinikumbusha stoo yetu ya mahindi. Cha pili kilikuwa mbele kidogo, ubavuni, chenye kibaraza chembamba ambacho ukikaa lazima ukunje magoti. Cha tatu kilikuwa nyuma kabisa, kisogoni mwa meli. Hicho kilikuwa na kibaraza kipana, viti viwili na meza, na ukikaa pale unatazama kule mlikotoka, maji yamefunguka katikati kama shamba lililopitiwa na plau. Nilikipenda hapohapo. Nilijiona nimekaa pale na kikombe cha chai, sina wa kumhudumia, na nilifurahi mpaka nikakosea kukata kola ya mteja.

Mume wangu aliporudi nilimwonyesha. Alisema ni jambo zuri sana, ngoja tumshirikishe baba. Hilo neno kushirikisha nalijua. Kwao maana yake ni kwamba jambo limeshakutoka mkononi.

Jumapili mzee akaja kutoka Kasokola, amepakiwa kwenye bodaboda, amevaa koti zito kwenye jua kali kwa sababu kikao ni kikao. Kwa desturi yao, mkwe wa kike na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Simpi mkono, sili naye, sikai sebule aliyokaa yeye. Napiga magoti, nasalimia, naweka chakula, naondoka. Nimeishika desturi hiyo bila kunung'unika, maana kuna siku inaniokoa na maneno mengi. Lakini Jumapili ile ilimaanisha kwamba mjadala wa chumba changu niliusikilizia jikoni, nyuma ya pazia, nikikaanga samaki aina ya migebuka.

Mume wangu ndiye aliyeanza. Alitaka cha mbele. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti kwamba katika chombo chochote cha usafiri, siti za nyuma ni za waliochelewa. Akamkumbusha baba yake barabara ya Tabora kabla ya lami, jinsi wa nyuma walivyokuwa wanarushwa mpaka dari na kushuka wamekuwa wekundu kwa vumbi, nyusi na kope. Meli kubwa kama ile, akasema, inakwenda kasi, sasa huko nyuma patakuwaje? Nilisimama na mwiko mkononi nikajiuliza vumbi la baharini linatimuliwa na nini. Huyu ndiye mwanaume ambaye kila mwaka anachaguliwa mwenyekiti wa kamati fulani.

Mzee alimwacha amalize, kisha akampinga. Nikadhani nimepata mtetezi.

"Nyie mnasafiri kama abiria," alisema. "Mimi nilihama na ng'ombe kutoka Usukumani mpaka huku, na njia nzima nilikuwa nyuma yao. Ukikaa mbele utajuaje yupi anachechemea, yupi amebaki porini? Tuchukue cha nyuma."

Hapo ndipo nilipoona sina mtetezi. Kibaraza kile kinatazama baharini, kimeipa meli mgongo, na mzee anapanga kukitumia kuhesabia wazungu wasipotee porini. Laiti ingekuwa ni ujinga tu ningecheka nikageuza samaki. Lakini mume wangu, ambaye dakika ile ile alikuwa analia vumbi, alisema, "Kweli baba, nyuma ndiko kwenye maana." Hakuona haya hata kidogo. Vumbi lote likatua.

Kisha wakaanza kupanga safari, na katika kupanga huko mimi nikatoweka. Hakuna aliyetamka kwamba siendi. Ilikuwa tu "tutapanda", "tutafika", "baba utahitaji sweta", na kila nilipotega sikio nikagundua kuwa hao "sisi" ni wawili na wote wanaume. Mwisho mzee akaniweka mahali pangu. Alisema mtoto ni wake, jasho la mtoto ni lake, na huyu mayu, mama kwa Kisukuma, yaani mimi, atabaki kuangalia nyumba na kuku. Mume wangu akaitikia. Alisema mimi bado nina umri, nitakwenda siku nyingine.

Iliniuma. Sitaki kujifanya jasiri hapa, iliniuma mpaka machozi yakanitoka, na migebuka ikaungua upande mmoja. Sikuwa nalilia bahari. Bahari sijawahi kuiona na nilikuwa naishi vizuri tu. Nililia kwa sababu mtu mmoja katika ukoo ule alikuwa amenikumbuka kwa jina, na wale wawili walichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha wali kunifuta.

Nikapakua chakula hivyo hivyo, na samaki walioungua nikawaweka juu. Nikaingia sebuleni, nikapiga magoti, nikawanawisha mikono. Halafu sikutoka. Nilivuta kigoda nikakaa palepale, mbele ya baba mkwe. Mzee akageukia ukuta akawa anaikodolea macho kalenda. Mume wangu alinifanyia ishara ya nyusi, nami nikajifanya hamnazo.

Simu ikaita tukiwa katika hali hiyo. Alikuwa shemeji, anataka jibu kwa sababu vyumba vilikuwa vinaisha. Mume wangu akaiweka sauti ya juu ili baba naye asikie.

"Tumechagua cha nyuma," alisema. "Ila nitakuja na baba."

 Shemeji aliuliza mimi nimesemaje.

"Amekubali."

"Sijaulizwa," nikasema.

Mzee aliacha kuitazama kalenda. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yangu ikiwa haisalimii wala haikaribishi chakula. Maneno yalishaanza na sikutaka kuyarudisha.

"Andika jina langu," nikamwambia shemeji. "Na iwe hicho hicho cha nyuma. Hapa nyumbani nyuma ndiko ninakokaa siku zote, na ninachokiona ni migongo ya hawa. Huko nimeona kwenye picha hakuna mgongo wa mtu."

Mzee hakugombana nami. Hakuhitaji, na mimi sikuhitaji kumweleza. Chumba kilikuwa kimoja, na nikishalala mimi humo yeye hawezi kukanyaga hata kizingiti chake. Desturi yao iliyoniweka jikoni asubuhi ile ndiyo iliyomshusha kwenye meli, tena bila mtu kumkosea adabu. Alikohoa, akamega ugali uliokuwa pembeni ya wali, akautafuna polepole.

Ikabaki nafasi moja. Shemeji aliuliza swali jepesi kabisa, ambalo mume yeyote angelijibu huku anapiga miayo.

"Basi kaka, wa pili nikuandike wewe?"

Mume wangu alifungua mdomo. Kisha akageuza kichwa kumtazama baba yake.

Nilingoja kidogo. Sikumhurumia, ila nilingoja, kwa sababu tumezaa naye na kujenga naye. Mzee alikuwa anachambua miiba ya samaki, hakuinua uso. Nikamwambia shemeji amwandike mama yangu. Nikamwambia yuko Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa zamani, ana shamba la maharage, uraia alishapewa, na wiki ijayo tutakwenda pamoja kushughulikia pasi za kusafiria.

Shemeji akasema sawa, akaniuliza jina la mama linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Nilipomaliza, mume wangu alikuwa bado anamtazama baba yake, anangoja kuambiwa.