Jogoo Aliyebeba Maneno ya Nyanya

Nimehamahama tangu nimalize kidato cha nne: Webuye, Nakuru, Eldoret, sasa Kitale tena. Popote nilipopanga chumba nimejigamba kwa majirani kuhusu nyanya yangu mzaa mama. Miaka ya themanini, wakati wanawake wengi wa kwetu hawakuthubutu kutaja mpango wa uzazi hata wakiwa peke yao kisimani, yeye alitembea boma hadi boma huko Myanga na kikapu cha mayai. Chini ya mayai kulikuwa na vidonge, alivyopewa kliniki baada ya kufundishwa kuvigawa. Wengine walimwita mmaliza ukoo. Alicheka tu, akaenda kubisha hodi kwa jirani wa pili.

Mama yangu alikuwa ameolewa Kitale. Alipojifungua mtoto wa saba alitokwa na damu nusura afe, na daktari akamwonya kwamba wa nane atamzika. Nyanya akamletea vidonge. Mama akavificha ndani ya mkebe wa unga wa wimbi, na baba akavipata.

Asubuhi moja ya likizo baba alifika Myanga, vidonge mfukoni mwa koti, uso umemvimba kwa hasira. Mimi nilikuwa uani napukuchua mahindi. Lakini kwetu Wabukusu mkwe hamkabili mama mkwe. Hawatazamani, wala hawaelekezani maneno. Baba akasimama nje ya ua. Nyanya akajitanda leso, akampa mgongo, akamgeukia jogoo wake.

"Wewe jogoo, uliza mgeni kama huko kwake ni wazima."

Baba akautazama ua. "Hii ua iambie mwenye boma, mtu ameharibu nyumba yangu. Ati wanaume wenzangu watasema nini?"

"Jogoo, hao wanaume wako na maziwa? Si waje basi wanyonyeshe hao watoto saba, bana!"

Nilijiuma mdomo nisicheke. Baba hakucheka.

"Jogoo," sauti ya nyanya ikashuka, "mimi nilizaa kumi na mmoja, nikazika saba. Huyu wa Kitale niliwapa awe bibi. Sikuwapa wamzike. Uliza mgeni, siku ile ya damu, ni nani alilia kwa mlango ya hospitali?"

Baba alitia mkono mfukoni, akavishika vile vidonge. Hatimaye akauuliza ua, polepole:

"Na hizi zikiisha, anachukua wapi zingine?"

Nyanya hakugeuka, ila niliona mabega yake yakilegea. Aliniamuru nimfunge jogoo miguu, maana mkwe haondoki mikono mitupu.

Huko Kitale baba alikataa katakata achinjwe. Alisema jogoo huyo amesikia mengi.

Mama hakuzaa tena. Yuko hai, na kila nikihama ananigombeza.