Kinachobebeka

Shangazi yangu aliitunza nyumba ya wageni ya wizara tangu mimi sijaota meno. Alifua mashuka, akapiga pasi, akatandika vitanda ambavyo miaka ya mwisho havikulaliwa na mtu. Wageni waliacha kuja, yeye hakuacha kutandika. Mumewe alikuwa mtunza bustani wa hapo hapo, na kwa jinsi alivyopenda kupunguza ua tulimwita Mkasi. Alipofariki, mkubwa mmoja wa wizara aliruhusu azikwe nyuma ya nyumba, karibu na kamba za kuanikia nguo. Ilikuwa ruhusa ya mdomo, ya mtu ambaye naye ameshastaafu.

Jiwe lake lilikuwa dogo, limechongwa jina tu. Fundi hakulijengea kwa saruji, na shangazi akasema heri, kwa sababu kila Jumamosi alilisogeza pembeni, akafagia chini yake, akalirudisha.

"Mjomba wako hakupenda kubanwa," aliniambia.

Kwa kufagiwa hivyo tuta likasawazika, pakawa sakafu ya udongo safi kuliko vyumba vya watu wengine.

Ndipo ikaja habari kwamba eneo lote linatoka serikali kuu linakwenda halmashauri, wajenge stendi. Wakubwa walikubaliana jambo moja: kilichoshikana na ardhi ni cha halmashauri, kinachobebeka ni cha wizara. Shangazi alikuwa mwajiriwa wa wizara, kwa hiyo naye angepakiwa.

"Mama ni wetu," alisema msimamizi wa wizara asubuhi ya makabidhiano, huku akicheka. "Atakaa mbele na dereva. Makao makuu wameshamtengea chumba."

Shangazi hakucheka. Alimgeukia bwana mipango wa halmashauri, akamuuliza kuhusu kaburi. Hilo tu ndilo alilolitaka siku ile.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Kaburi lenye alama tunalizungushia ukuta. Mpima anakuja mchana, mwoneshe tu."

"Na lisilo na alama?" nikadakia mimi.

"Lisilo na alama ni uwanja."

Nilikuwa nimekwenda kumsaidia kufunga vitu vyake, nikaishia kutazama vituko. Jikoni wanaume wawili wazima waling'ang'ania sinki, mmoja na bisibisi, mwingine amelikumbatia. Karani wa halmashauri tulimkuta akiligongelea benchi la barazani misumari sakafuni ili lionekane limezaliwa na nyumba. Wapakiaji wa wizara nao walifungua balbu, vitasa, hata ndoano za mapazia. Bandu bandu huisha gogo, na nyumba ile iliisha huku naiona. Shangazi alikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia kama siku nyingine yoyote, kona kwa kona. Nilimwuliza kama anaumia. Akasema hapana, anasikia ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Mpima alifika na vyombo vyake begani. Tukamwongoza nyuma ya nyumba. Nguzo za kuanikia zilikuwepo, maana zimechimbiwa. Kamba hazikuwepo. Mabeseni hayakuwepo. Jiwe la Mkasi halikuwepo.

Mpima alitazama chini, akatutazama sisi.

"Mama, mimi hapa naona udongo."

Nikakimbia mbele, nikawakuta wapakiaji wanakaza turubai la lori.

"Jiwe la kaburi liko wapi?"

"Lile bapa?" mmoja akajibu, tena kwa upole. "Halikushikana na kitu, dada. Tukajua letu. Liko chini ya vitanda."

"Lishusheni!"

Msimamizi akakuna kichwa. Nadhani alitaka. Lakini bwana mipango alishafika, na tangu asubuhi alikuwa na kinyongo cha tangi la maji, ambalo wizara walishalipakia.

"Shusheni," akasema. "Ila turubai likifunguliwa, tunaanza upya. Tangi, vitasa, vyote."

Msimamizi akamtazama dereva. Dereva akatazama magurudumu. Hakuna aliyesogeza mkono. Niliwatukana wote, matusi mengine nilikuwa siyajui kama ninayajua.

Shangazi alikuwa amebaki kule kule na mpima. Nilimkuta amesimama ukingoni mwa udongo uliofagiwa, miguu pamoja, mikono ubavuni.

"Miguu yake inaishia hapa," alikuwa akimwambia. "Niandike mimi. Mimi ndiyo alama."

Yule mpima hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia.

"Mama, wewe unaondoka leo."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na kuikubali. Akaenda kuchukua mfuko wake, akapanda mbele ya lori. Sikumwona akilia. Ningependa alie, ningejua la kufanya.

Sasa anakaa chumba cha uani, makao makuu. Stendi imeshajengwa, na sijawahi kuthubutu kumwambia niliwahi kushukia pale. Jiwe aliliomba stoo, wakampa bila maneno, hawakuwa na kazi nalo. Amelilaza kando ya ukuta, nje ya mlango wake. Jumamosi analisogeza, anafagia, analirudisha. Lakini siku hizi hafanyi hivyo kwa moyo. Anafanya tu.

Mwezi uliopita nilimkuta mtoto wa jirani amelikalia akifunga kamba za viatu. Nikaona haya, nikamwambia nitaleta fundi alijengee vizuri kwa saruji, lisikaliwe na kila mtu.

Shangazi alishtuka, mara ya kwanza tangu siku ile kumwona akishtuka. Akaliwekea mkono.

"Usithubutu," akasema. "Ukilijengea hapa, linakuwa lao."