Nusu Doti

Mwalimu wa bayolojia, jirani yake Tumu hapo Malindi, haingii nyumba ya watu bila vumbi la chaki kwenye buibui. Huzungumza kidole kikichora hewani, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba kicheko chenyewe amekiiba. Siku ya arobaini ya mtoto wa Tumu, mwaka 1984, mavyaa, mamake mume, aliwatangazia wageni kwamba mjukuu ni wao mtupu: pua ya kwao, paji la kwao, Tumu kazi yake ilikuwa kubeba tu. Tumu akainama, asijue atazame wapi. Mwalimu akaichukua doti ya leso aliyozawadiwa Tumu na mavyaa huyo huyo, akaikata katikati kwa mkasi. Upande mmoja akampa Tumu, wa pili akaukalia.

"Mwalimu! Doti haitolewi nusu!" mavyaa akamaka.

"Na mtoto je, bibi? Kila chembe ya mwili wake ina kromosomu jozi jozi, kama leso: upande wa baba, upande wa mama. Jeni zimejipanga humo, na za Tumu zimo."

Mavyaa akamkagua mjukuu kutoka utosini, akasonya.

"Haya basi. Masikio hayo ya popo ni ya kwao Tumu."