Herufi za Mkaa kwenye Ukuta wa Farah

Mwalimu Hamdia hakuwa mtu wa kupiga kelele. Watoto wa nasari yake pale Minjila walikuwa wa miaka minne, mitano, na yeye aliamini kwamba mtoto wa umri huo ukimfokea leo, kesho hafungui mdomo. Lakini siku aliyoviona vidole vya Kadra, sauti yake ilisikika mpaka barabara ya Garsen.

Ulikuwa mwaka 1998, mafuriko ya El Nino yalikuwa yamepungua na watu wameanza kurudi kwenye makazi yao. Maji yalikuwa yameingia nasari yakaondoka na ubao, vitabu, hata mlango. Wazazi walikandika kuta upya, na Hamdia akaanza tena kufundisha kwa ubao na chaki za kuombaomba shule ya msingi. Kisha akaita mkutano.

"Sina vitabu vya kuwapa watoto waende navyo nyumbani," aliwaambia wazazi. "Lakini mtoto asipozoea sasa kukaa na kazi yake, darasa la kwanza atateseka. Kila jioni, ndama wakishafungwa, mpe mtoto wako nafasi kidogo. Aandike herufi niliyomfundisha siku hiyo. Kwa kijiti mchangani, kwa mkaa, popote. Halafu muulize, hii ni nini? Hata kama wewe hujui kusoma, muulize. Akiona unajali, atazoea kukaa mwenyewe bila kuambiwa."

Farah, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa ameketi mbele kabisa. Akasimama. "Mwalimu amesema kweli. Sisi tulichelewa. Hawa wasichelewe." Watu wakaitikia.

Kadra, binti yake, aliishika kazi hiyo kuliko mtoto yeyote. Asubuhi alimkimbilia mwalimu hata kabla ya salamu, amweleze alichoandika jana na mahali alipoandika: mchangani, kwenye jerikeni, mgongoni mwa kaka yake. Jioni moja akaokota kipande cha mkaa akaandika a kwenye ukuta wa sebule, chini ya dirisha. Ikampendeza. Akaandika nyingine, na nyingine, mpaka mlangoni. Ukuta huo Farah alikuwa ametoka kuupaka chokaa, akingojea wanunuzi wa ng'ombe kutoka Mombasa.

Kesho yake Kadra hakukimbia. Wakati wa uji, kikombe kilimponyoka. Hamdia akachutama na kuushika mkono wake. Vidole vilikuwa vimevimba, na ngozi imepasuka kwenye viungo.

"Nani amekufanya hivi?"

"Niliandika a kwenye ukuta wa baba," Kadra alisema, akitazama chini.

Hamdia aliwaacha watoto na Dukicha, msaidizi wake, akashika njia bila hata kuvaa viatu. Alimkuta Farah nje ya nyumba yake akinywa chai na wageni wawili. Desturi ilimtaka apite nyuma, amtafute kwanza mama wa mtoto. Hakupita nyuma.

"Farah! Umempiga mtoto kwa fimbo ya ng'ombe?"

Farah alishtuka kusikia jina lake likitajwa hivyo tupu. "Mwalimu, nina wageni."

"Na wageni wasikie."

"Ameniharibia nyumba. Nyumba yangu si ubao wako."

"Ungemwambia, mama, hapa hapana, andika pale! Ulishindwa na hilo? Ulisimama mbele ya watu ukasema tusichelewe. Mimi nahangaika kumfundisha kwamba kuandika ni raha, wewe umeshika fimbo ukamfundisha kwamba kuandika kunauma. Nani atamsahaulisha somo lako?"

"Ni mwanangu," Farah alisema. "Nasari kwako haji tena."

Habari zikamfikia Adan, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Akamwita Hamdia. "Haki unayo, mwalimu. Lakini kumfokea mwanamume mbele ya wageni wake? Nenda umwombe radhi, yaishe."

"Mtoto ameombwa radhi?"

Adan akatikisa kichwa.

"Basi siendi."

Hasira ile haikumtoka. Aliimba na watoto, akawahesabisha, akawafuta makamasi, na kila alipotazama mahali pa Kadra mkekani, kifua kilimwaka upya. Alimkasirikia Farah, akamkasirikia Adan, akawakasirikia na wale wote walioitikia mkutanoni kisha wakanyamaza.

Siku moja Abdia, mama yake Kadra, akatokea mlangoni amemshika mtoto mkono.

"Sebule ni ya baba yake," alisema. "Jiko ni langu, nimelikandika kwa mikono yangu. Ataandika jikoni."

"Farah amesemaje?"

"Amenyamaza. Na mimi nimenyamaza."

Lakini Kadra hakutaka kuushika mkaa. Nasari alikalia mikono yake. Basi kila jioni, chungu kikiwa motoni, Abdia ambaye hakujua herufi hata moja aliuchukua mkaa mwenyewe akachora mistari ukutani na kuuliza, "Hii ni nini?"

"Si kitu, mama."

"Na hii?"

"Si kitu."

Hivyo hivyo, jioni baada ya jioni, mpaka Kadra akachoka kuona herufi zinaharibiwa. Akamnyang'anya mama yake mkaa. "Sivyo. Ni hivi." Tangu hapo hakungoja kuambiwa, ndama wakishafungwa, yuko jikoni.

Siku ya kufunga nasari, kabla ya watoto kwenda darasa la kwanza, Kadra alisimama mbele ya wazazi akaandika jina lake lote ubaoni. Makofi yakapigwa. Farah akainuka, anatabasamu.

"Huyu nimemfundisha mwenyewe nyumbani," alisema. "Kila jioni."

"Si wewe," Hamdia alisema kutoka kando ya ubao. "Ni mama yake. Wewe tunajua ulichomfundisha."

Watu wakacheka wakidhani ni mzaha. Farah naye akajaribu kucheka. Hamdia hakucheka. Alimtazama mpaka akaketi, kisha akamwita mtoto mwingine aje kuandika.