Siku Wazazi Walipokaa Barazani

Mguu wangu wa kulia haukutulia mwaka ule. Nikikaa kwenye benchi unatikisika, benchi nalo linatikisika, na msichana niliyekaa naye anaharibu mwandiko wake. Ananipiga kiwiko. "Tulia, we!" Natulia kidogo, kisha mguu unaanza tena wenyewe.

Nilikuwa nimetoka kisiwa cha Nosy Be, kwetu Madagaska, nilikolelewa na mama yake mama, ambaye sisi watu wa asili ya Komoro humwita Koko. Kule nilisoma madarasa ya mwanzo. Kisha baba akapata kazi ya kupakua magunia bandarini Mahajanga, nasi tukamfuata. Nchi ilikuwa imepata uhuru karibuni. Bendera ya shule bado ilikuwa na rangi kali, na mwalimu wetu naye alikuwa mpya, kijana Mmalagasi wa nyanda za juu. Tulimwita Mesye, kama walivyoitwa Wafaransa waliomtangulia.

Mesye alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema, msije mkamdhania vingine. Kila asubuhi alimwita mmoja wetu asimame asome Kifaransa kwa sauti, naye akisimama mbele na kumtazama usoni. Zamu yangu ikifika nilisimama, nikayaona maneno, nikayajua yote, na sauti isitoke. Darasa zima likinisubiri.

"Nitazame," alisema Mesye.

Nami nikazidi kutazama chini.

Mwaka ulipokaribia kwisha alitutangazia kwamba asiyeweza kusoma kwa sauti atarudishwa darasa la chini. Baba naye alishasema lake: mwaka wa kurudia haupo. Nikirudishwa nitabaki nyumbani nimsaidie mama kuoka mikate ya mchele, na shule imekwisha. Hakusema kwa ukali. Alisema huku akijikung'uta vumbi la magunia, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Tangu siku ile sikuweza kumaliza chakula. Nilikuwa nikiinuka kutazama maji ya chai kama yamechemka, nakaa, nainuka tena.

"Umepandwa na siafu wewe?" mama aliniuliza.

Mesye hakutaka kuturudisha bila wazazi kujua. Wakati wa Wafaransa wazazi waliishia langoni. Yeye alisema shule sasa ni yao, waje waketi darasani wasikie watoto wao wakisoma. Akawaita Ijumaa adhuhuri. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Anataka tukaswalie darasani?" Mzazi mmoja alikwenda kumweleza, na Mesye, uso umemwiva kwa haya, akabadili ikawa Alhamisi, siku ambayo shule hufungwa.

Koko alikuwa amekuja na meli kutoka Nosy Be kututazama. Aliposikia wazazi wameitwa alisema na yeye ni mzazi. Akajifunga kitambaa chake kipya cha salova, akajipaka usoni msindano, ule unga wa msandali, njano kama kiini cha yai, na hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

Mesye alikuwa amepanga mabenchi kwa heshima. Wazazi aliwaketisha mbele, kando ya meza yake, wakitutazama sisi. Baba alikuwa na kanzu na kofia. Sikuwahi kukaa nimeelekeana na baba namna ile, uso kwa uso, mbele za watu. Nyumbani baba akiingia tunashusha sauti, akisema tunatazama mkeka. Niliangalia wenzangu wa mtaani kwetu. Wote walikuwa wameinamisha vichwa.

Watoto wa nyanda za juu walisoma vizuri. Kisha Mesye akamwita mvulana wa jirani yetu, ambaye siku zote alisoma kwa kelele kama mnadi samaki. Akasimama, akamwona baba yake, akafumba mdomo. Akaitwa mwingine wa kwetu. Naye vilevile. Nikaitwa mimi. Mguu ulitikisika hata meza ikawa inagonga.

Mesye alijipangusa jasho. Akawaambia wazazi kwa Kimalagasi, "Mnaona wenyewe. Msifikiri ninawaonea."

"Nyumbani anasoma," alisema baba.

"Basi asome hapa."

Baba alinigeukia. "Soma!" Na aliposema hivyo nikazidi kukauka. Nilikuwa tayari naiona sufuria ya mikate.

Hapo Koko akainuka. Alisema kwa Kikomoro, kidole kikimwelekea Mesye. "We mwanangu, wewe mama yako alikufundisha kumkodolea baba yako macho na kumpigia makelele?"

Mesye hakuelewa. Jirani yetu akamtafsiria, akilainisha kidogo, lakini wazazi walikuwa wameshaanza kucheka.

"Mwambie vilevile nilivyosema!" Koko akamkemea. Kisha akamshika baba mkono wa kanzu. "Na wewe, inuka. Nyote inukeni, tokeni. Tangu lini mtu akamkalia mtoto usoni anaposoma? Kule kwetu chuoni mliwahi kuniona nimeingia?"

Ni kweli. Kule Nosy Be, tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani, hakuna mzazi aliyeingia. Walipita nje na ndoo zao, wakasimama karibu na dirisha wakijifanya wanapumzika, wakasikiliza. Sisi tulijua wapo. Tulikaza sauti kwa ajili yao, macho kwenye kitabu, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wazazi wakatoka. Wakakaa sakafuni barazani, migongo ukutani chini ya madirisha, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mesye alibaki katikati ya darasa na chaki yake, asijue asimame wapi. Mwishowe akaenda nyuma kabisa, nyuma ya mabenchi.

"Endelea," akasema kwa upole.

Mbele yangu hapakuwa na mtu. Ubao tu. Somo lilikuwa la mwokaji anayeamka kabla ya watu wengine. Nikaanza, sauti ndogo, mwili ukiyumba mbele na nyuma kama chuoni. Nilidhani Mesye atanikataza kuyumba. Hakunikataza.

"Sisikii!" Koko alipiga kelele kutoka nje. "Au umekula pamba?"

Darasa likacheka, nami nikacheka, na sauti ikatoka pamoja na kicheko. Nikasoma mpaka mwisho wa ukurasa. Nikakwama mara mbili, nikarudia. Nje nilisikia baba akikohoa, kile kikohozi chake cha kusafisha koo pasipo na kitu cha kusafishwa. Baada yangu alisimama mvulana wa jirani, akasoma kama mnadi samaki.

Tulipomaliza Mesye alitoka akakaa sakafuni pamoja nao. Sikusikia yote. Nilimsikia akiuliza kwa nini hawakumwambia mapema, na mama, ambaye hasemi na wageni, akimjibu, "Hukutuuliza. Ulituita tu." Walikaa pale mpaka jua likafika miguuni mwao. Akamwambia baba kwamba sitarudishwa, ila nina kazi ya kufanya, na nyumbani nao wana kazi ya kunisikiliza.

Baba hajui Kifaransa hata neno. Lakini tangu Alhamisi ile, akishanawa vumbi la magunia, alikuwa akikaa kwenye kizingiti, amenipa mgongo, uso barabarani. Mimi nyuma yake nasoma. Watu wakipita wanamsalimu, anawajibu kwa mkono, nami sinyamazi. Nikisita, mgongo unanyooka.

"Hapo umekwama," anasema bila kugeuka. "Rudia."

Nilikuwa narudia, mguu ukitikisika juu ya mkeka, na yeye akisubiri.