Alasiri Mlango Ulipofungwa

Tangu alipomzika mumewe, fundi wa reli, Honorine alijiwekea kanuni moja: mchana mlango wake haufungwi. Mjane anayeishi peke yake akifunga mlango mchana, alisema, mtaa mzima utamfungulia kinywa. Kwa hiyo, pale mtaani Katuba, kila mpita njia aliweza kuona hadi ukuta wa ndani, penye picha ya Bikira Maria. Majirani waliingia bila hodi, wakatwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu chake, kikubwa kuliko vyote vya mtaa, wakitaniana mpaka jua linatua. Hakuwa na mtoto. Vicheko vile ndivyo vilivyokuwa jamaa yake.

Ndipo akaja Hénoc, kijana aliyekuwa akitengeneza filamu kuhusu biashara ya madawa ya kulevya. Alitaka nyumba ya kupigia filamu, na mtu wa kuigiza mama: mwana muuzaji anarudi kuficha mzigo, mama anamkumbatia bila kujua kitu.

"Nitasema nini?" Honorine aliuliza.

"Utasema tu: Mutoto yangu, umerudia."

Guelord, kijana wa kucheza yule mwana, akamshika mikono. "Mama," akamwita. Honorine akakubali bila kuombwa mara ya pili.

Siku ya kazi vijana waliingia na vifurushi vya unga wa mahindi, ule wa kusongea bukari, vilivyofungwa kwa plastiki vionekane kama madawa. Kamera ilikuwa ndani ya mkoba. Mtaa uliona vifurushi tu.

"Mama, tufunge mulango," Hénoc alisema. "Makelele ya inje inaingia mu filme."

Honorine aliutazama mlango. Guelord alikuwa amekwisha kusimama mbele yake, mikono wazi. Honorine akaufunga mwenyewe.

Kesho yake jirani yake Wivine alikuja na majani yake ya sombe, lakini akabaki kizingitini.

"Aa, mama Honorine! Ile bunga yote ilikuwa ya bukari?"

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka.

"Ilikuwa filme, Wivine. Itatoka, mutaiona."

"Basi, tutangojea."

Walingojea. Hénoc aliishiwa pesa, akauza kamera, akaenda kuchimba madini Kambove. Filamu haikutoka kamwe. Guelord hakupita tena hata kusalimu.

"Ile filme iko wapi, mama?" Wivine aliuliza kila walipokutana sokoni, mpaka akachoka kuuliza. Wivine akajinunulia kinu chake mwenyewe. Majirani wote wakahamia kutwanga huko.

Kumhukumu mtu bila ushahidi ni kumwibia jina, na majirani wale watalijibu hilo mbele ya Mungu. Lakini Honorine naye alijua kanuni yake ililinda nini, akaivunja ili aitwe mama mara moja.

Sasa mlango uko wazi tangu asubuhi, wala hakuna anayeingia. Alasiri Honorine hutwanga sombe ya mtu mmoja, na sauti ya kinu kile kikubwa husikika hadi mwisho wa barabara. Neno moja, lililosemwa na mtu aliyekuwa akiigiza, lilimgharimu majirani wake wote.