Siku Nilipoitikia Jina la Mdogo Wangu

Juzi, nikitoka Kibumba kwenye mazishi, nilimwomba mwenye pikipiki asimame kidogo penye mawe meusi kando ya barabara ya Rutshuru. Alishangaa. "Koko, hapa hamuna kitu," aliniambia, kama vijana wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Alisema kweli. Lakini chini ya mawe hayo kulikuwa na nyumba yetu, shamba letu la viazi, na kikanisa cha mbao ambamo nilibatizwa.

Kama nawe ulilelewa katika nyumba ya Wakristo maskini, utanielewa bila maelezo mengi. Sisi wasichana hatukupelekwa shule. Sala tulizipokea kwa masikio. Jioni, tukiisha kumenya viazi na kunawa miguu kwa maji ya mvua, tulipiga magoti, na mama akafumba macho. Hakuanza kusali kabla ya kutuita kwa majina: kaka, kisha mimi, kisha mdogo wangu. Kila mmoja alijibu, "Niko mbele ya Mungu." Mama aliamini kwamba kwa jibu hilo alikuwa amemkabidhi Mungu watoto wake, mmoja mmoja.

Mdogo wangu alikuwa chini ya ulinzi wangu, naye alipenda kukawia kwa mama jirani, karibu na jiko na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akikosekana, aliyechapwa ni mimi. Basi nilijizoeza kuitika mara mbili, kwa sauti yangu na kisha kwa sauti yake nyembamba. Mama hakufumbua macho hata mara moja.

Mlima wa moto uliokuwa juu ya kijiji chetu ulipasuka mchana. Ng'ombe walianza kulia, ardhi ikatetemeka kama lori linapita chini yake, na harufu ya kiberiti ikatukaba koo. Moto ulishuka kama uji, ukimshinda mtu mbio. Baba alikuwa mbali, Masisi, na mifugo. Mama alichukua rozari na sufuria ya viazi vilivyokwisha kuiva, tukakimbia kuelekea Goma. Moshi ulikuwa mzito hata sikuuona mkono wangu mwenyewe. Tulipofika barabarani mama alitusimamisha.

"Mama, kimbia! Utaombea mbele," walipiga kelele waliotupita.

Yeye alifumba macho, akaita. Kaka alijibu. Mimi nilijibu. Alipoita jina la tatu nilijua kwamba mwenye jina hayupo. Nilikuwa nimemwona asubuhi akielekea kwa jirani, nami sikumfuata. Nilimwogopa mama kuliko mlima. Nikaitika kwa sauti nyembamba, "Niko mbele ya Mungu." Mama akasema amina, tukaendelea.

Mjini, katika ua wa misheni, mama aligawa viazi. Kimoja kwa kaka, kimoja kwangu, na kimoja kikabaki mkononi mwake.

"Mutoto wangu eko wapi?"

Nilikitazama kile kiazi.

"Ulinijibu eko," alisema polepole, akinitazama mimi peke yangu.

Nilingoja fimbo, nayo haikuja. Barabara ilikuwa imezibwa na moto, na hakuna aliyeweza kurudi. Kwa siku nne mama hakula. Siku ya tano mama jirani alitokea, amezunguka njia ndefu, mdogo wangu mgongoni mwake, nyayo zimefungwa vitambaa.

"Mukamate mutoto wenu," alisema, akimshusha. "Anakula kama askari."

Mama alicheka na kulia pamoja. Jambo langu hakumwambia mtu yeyote mpaka alipokufa.

Miaka ilipita, tukazaa, na maasi yakaja, moja likisukuma jingine. Yalitukuta mimi na mdogo wangu katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga, chini ya hema moja. Tulikuwa tukichambua maharage aliponiuliza, "Dada, siku ya moto, mama alituita?"

"Alituita."

"Na mimi?"

Risasi zilikuwa zikisikika upande wa Sake. Niliogopa kwamba akijua ukweli, tutakapokimbia tena hatanipa mkono wake. Nikamwambia, "Wewe alikusahau."

Aliendelea kuchambua. Lakini kuanzia jioni ile, tulipowaombea marehemu wetu, hakumtaja mama tena. Kipindupindu kilimchukua katika kambi ile ile, akiamini hivyo.

Dhambi hiyo nimeitubu kwa padri, naye aliniondolea. Lakini aliyesingiziwa amekufa, na aliyedanganywa amekufa. Hakuna tena jiko la jirani, hakuna ua wa kupigia magoti, wala sauti inayoita majina yetu kwa mpangilio ule. Amebaki mjukuu wa mdogo wangu, ambaye namwambia haya ayaandike. Sasa ameweka kalamu chini na ananitazama.

"Mama yangu hakumusahau koko yako," nimemwambia. "Ni mimi nilimuacha. Shika kalamu, uandike vile."